Binti Yangu Aliponipa Sifuri

Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja ambayo hata mwenye nyumba hakuthubutu kuigusa: ukivuka geti la shule kuingia ndani, mimi si mama yako. Niliitunga siku binti yangu wa mwisho alipoanza darasa la kwanza katika shule ninayofundisha hesabu, kwa sababu nilishaona watoto wa walimu wenzangu wakiingia ofisini kuomba hela ya peremende katikati ya kikao. Ndani ya geti mimi ni Mwalimu, na yeye ni mwanafunzi tu. Nje ya geti mimi ni Mama na yeye ni Kitinda, jina tulilompa kwa kuwa ni kitinda mimba, na baba yake aliapa kwamba safari hii kweli basi.

Aliishika sheria ile kuliko mimi niliyeitunga. Alipokuwa darasa la nne alimpa jirani yake wa dawati majibu ya jaribio, nikawapa wote wawili sifuri, aliyetoa na aliyepokea. Hakulia. Alikaa na sifuri yake mpaka kengele ya mwisho, akabeba mkoba, akatembea kando yangu uwanja mzima bila neno. Tulipovuka geti, mguu wa pili haujatua vizuri, akaangua kilio na kunikumbatia kiunoni.

"Mama," alisema, "leo mwalimu wangu amenipa sifuri."

Ningefanyaje? Nilimwambia pole mwanangu, nikamuuliza ni mwalimu gani huyo mwenye roho ngumu hivyo. Akanieleza alivyo, mkali, hana dogo, hacheki hata akichekeshwa, na mimi nikamsema vibaya mwalimu huyo pamoja naye mpaka tukafika nyumbani. Tangu siku hiyo ikawa desturi yetu. Machungu ya shule yalisubiri getini, na kila mara alinikuta hapo nje namngoja.

Nayasimulia haya mapema ili huko mbele usije ukaniona nimerukwa na akili.

Mwaka huu shule yetu ililetewa kompyuta. Zilishushwa kwenye lori zikiwa ndani ya maboksi, zikaingizwa katika chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu, Mwalimu Mkuu akatia kufuli, na habari ikaishia hapo. Wafadhili walikuwa na sharti. Walikwisha kuona katika shule nyingine kwamba kompyuta zikifika, mwalimu wa kiume ndiye anayeshika ufunguo, wavulana wanakaa mbele, na wasichana wanasimama nyuma wakila kwa macho. Kwa hiyo walitaka kila shule itoe mwalimu mwanamke, afundishwe, afaulu, ndipo maboksi yafunguliwe. Asipofaulu, lori litarudi na kompyuta zitapelekwa shule yenye mwalimu aliye tayari.

Walimu wanawake kwetu hatujai hata benchi moja. Mmoja alikuwa likizo ya uzazi. Mwingine anafundisha chekechea, na alisema wazi kwamba akiona nyaya nyingi anasikia kizunguzungu. Nikabaki mimi, bibi mwenye wajukuu, ambaye simu yake ni ya kupigia, kupokelea na kumulikia chooni umeme ukikatika. Mwalimu Mkuu aliniita ofisini akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mara uzoefu wako, mara busara yako, mara ng'ombe hazeeki maini. Nikamwambia huyo ng'ombe akamtafute zizini. Nikatoka nikiwa sijasema ndiyo wala hapana.

Aliyenifanya nikubali ni msichana wa darasa la sita ambaye shule nzima inamwita Maswali. Ana maswali mpaka wakati wa kula. Alikuwa amevuta tofali mpaka chini ya dirisha la stoo, na kila mapumziko alipanda juu yake akachungulia maboksi. Nilimkuta hapo nilipokuwa natoka kwa Mwalimu Mkuu, nikafungua mdomo nimfukuze, akaniwahi.

"Mwalimu, ni kweli ukifeli zinaondoka?"

Nikamjibu kwamba ni kweli. Akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatuni, pole pole, namna fundi anavyotazama mbao kuukuu. Kisha akashuka kwenye tofali lake.

"Basi usifeli," alisema, akaenda zake darasani.

Nikarudi kwa Mwalimu Mkuu nikamwambia aandike jina langu.

Mkufunzi aliyepangwa kuja kwetu alikuwa nani? Kitinda. Alikuwa amesomea mambo hayo ya kompyuta na kuajiriwa na hao wanaoendesha mafunzo, na nasikia aliwaambia wakubwa wake kwamba shule ile ina mama yake mzazi. Wakamjibu kwamba hakuna neno, mradi asimpendelee. Walikuwa wanamwonya mtu wasiyemjua.

Akaja na mizigo yake, akalala kitandani kwake kwa zamani ambako miguu sasa inatokeza nje. Asubuhi ya kwanza tulikuwa tunakunywa chai, ananipakia siagi kwenye mkate kwa kuwa anajua vidole vyangu vinauma asubuhi, akaniuliza kama ile sheria bado ipo. Nikasema ipo. Akasema basi ajue tu kwamba nimeelewa imegeuka, ndani ya geti sasa yeye ndiye Mwalimu na mimi mwanafunzi. Nikamwambia nimeelewa, lakini shikamoo yangu asiitegemee hata akiwa waziri, atapata "habari za mchana, Mwalimu" na ashukuru. Tukakubaliana hivyo. Baba yake aliyekuwa anasikiliza redio alitikisa kichwa akasema nyumba yenye walimu wawili haina tofauti na nyumba yenye majogoo wawili.

Mafunzo yalikuwa kila siku baada ya vipindi, katika chumba cha darasa la nne, kwa walimu wanawake wa shule yetu na za jirani. Kitinda alitandaza kompyuta mpakato alizokuja nazo, akavuta waya wa umeme kutoka ofisini kupitia dirishani, na sisi watu wazima tukajibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa mbao. Ukitaka kuwaona wanafunzi wabaya, wafundishe walimu. Tulichelewa. Tulinong'ona. Tuliuliza kila kitu kama kitakuja kwenye mtihani. Mama Pacha, anayefundisha jiografia shule ya jirani na ambaye ni rafiki yangu tangu chuo cha ualimu, alikuwa anasahihisha madaftari yake chini ya dawati. Pacha wake sasa wana ndevu, lakini jina halijamwachia na yeye hataki limwachie.

Mimi mwanzoni nilikiona cha mtema kuni. Kile kishale cha kwenye kioo kilinikimbia kama kuku anayejua kuna wageni. Nikikisogeza kulia kinaruka juu, nikibofya mara moja hakisikii, nikibofya mara mbili kinafungua mambo nisiyoyaita. Nikawa nabeba kompyuta moja nyumbani kwa ruhusa, nafanya mazoezi mezani baada ya kuondoa vyombo. Kitinda alipita nyuma yangu na taulo lake bila kunisaidia, kwa kuwa nje ya geti yeye si mkufunzi, na mimi sikumwomba kwa kuwa nina kiburi changu.

Halafu siku moja kichwa kikafunguka. Alitufundisha kupanga maagizo kwa vipande vya rangi, unachukua kimoja unakibandika chini ya kingine, mashine inafuata kutoka juu kwenda chini. Kulikuwa na kipande kinachosema: kama hivi, fanya hili, la sivyo, fanya lile. Nikakitazama. Hicho ndicho nilichofundisha maisha yangu yote ubaoni kwa chaki. Niliipenda kazi ile, sioni haya kusema. Nilikuwa nalala nikiipanga kichwani, naamka nikiwa na hamu ya kujua kama itakubali.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kutengeneza mchezo wa maswali kwa ajili ya wasichana wa shule zetu. Mashine inauliza, mtoto anaandika jibu, likiwa sawa anasikia pongezi, likiwa si sawa anaambiwa ajaribu tena. Pongezi na lile neno la kujaribu tena tulitakiwa kuvirekodi kwa sauti. Mimi nilirekodi mezani kwangu, Kitinda akiwa bafuni; kwa pongezi nilipiga makofi tu. Kwa majaribio tu, nikasema maneno niliyokuwa nikimwambia pale pale mezani alipokuwa anajifunza kuzidisha: "Si hivyo, Kitinda. Tulia, fikiri tena." Nilikusudia kuyafuta baadaye, niweke ya shule. Baadaye nikapata kazi ya kupendezesha rangi, nikasahau.

Kesho yake Mama Pacha alikaa pembeni yangu akilalamika kwamba vipande vyake havishikani. Nikamwonyesha. Akalalamika tena. Nikamwambia leta flashi. Nilimpa kazi yangu nzima abadilishe maswali tu, aweke ya jiografia. Mwenzangu amekwama, mimi ninacho, nimnyime? Kwetu kunyimana ni aibu. Kutoka kwa Mama Pacha flashi ile ilitembea darasani kama chumvi kati ya majirani, na mpaka siku ya kukabidhi kila mwanamke alikuwa na mchezo wake, rangi zake na maswali yake ya somo lake. Tulikuwa tunasifiana kabisa, mtu anamwambia mwenzake hongera, umejitahidi.

Siku ya ukaguzi Kitinda alianza na Mama Pacha. Mchezo ukauliza jua linachomoza upande gani. Akaandika mashariki, makofi yakalia, Mama Pacha akajiweka vizuri kwenye dawati. Kisha Kitinda akarudi kwenye swali lile lile akaandika magharibi.

Sauti yangu ikajaa chumba kizima. "Si hivyo, Kitinda. Tulia, fikiri tena."

Watu walicheka. Mimi mwenyewe nilicheka kabla akili haijanifikia. Kitinda hakucheka. Aliinuka akaenda kwa mwalimu wa sayansi, ambaye mchezo wake uliuliza moyo wa binadamu una vyumba vingapi, akaandika saba. Nikasikika tena, nikimwambia Kitinda atulie. Akaenda kwa wa maarifa ya jamii, akaenda kwa wa sanaa, na kila mashine aliyoiandikia jibu la uongo ilimwita kwa jina lake la nyumbani na kumshauri afikiri. Alipofika dawati la mwisho chumba kilikuwa kimya kama maji ya mtungini, isipokuwa mimi niliyekuwa naendelea kusema kutoka kwenye kompyuta.

Hapa nieleze ujinga wetu, maana ni wa walimu peke yao, mtu mwingine asingeufanya. Kila mmoja wetu aliujaribu mchezo wake, tena mara nyingi. Lakini kila alipoujaribu alijibu sawasawa. Haikumwingia hata mmoja, na mimi wa kwanza, kwamba inabidi ukosee ili usikie mashine inasema nini kwa anayekosea. Mwalimu aandike jibu la uongo kwa swali alilotunga mwenyewe? Mkono ungekataa. Kwa hiyo kile kipande cha chini, cha mtoto aliyekosa, hakikuguswa na mtu, na mimi nilikuwa nimekaa humo nikisubiri.

Kitinda alisimama mbele ya ubao. Alikuwa ameinua kidole, na kidole kile nakijua kwa kuwa ni changu.

"Aliyetoa na aliyepokea," alisema, "wote sifuri."

Akaeleza utaratibu ulivyo. Kuna nafasi moja tu ya kurudia: kila mtu atengeneze mchezo upya peke yake, na siku ya kufunga mafunzo shuleni kwake autumie kufundisha wasichana, yeye akiwa nyuma anaangalia. Atakayeshindwa hapo, cheti hakuna, na maboksi ya shule yake yataondoka. Mwalimu Mkuu wetu, aliyekuwa anapita barazani na masikio yake, alimwita nje. Nilimsikia akimuuliza kwa sauti ya chini kama huyu si mzazi wake aliyemzaa, na kama hakuna namna ya kuliangalia jambo hili kwa jicho la familia.

"Mzazi wangu yuko nyumbani, Mwalimu Mkuu," Kitinda alimjibu. "Humu ndani nina mwanafunzi."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Maneno yale nilikuwa nimewaambia wazazi wangapi waliokuja kuwaombea watoto wao, na sasa yalinichoma mimi. Niliona aibu, na aibu yangu huwa haikai peke yake, huja na hasira. Kitinda alituaga akatoka. Mimi nilibaki nikikusanya vitu vyangu kwa kelele, nikimwambia Mama Pacha kwamba watoto wa siku hizi ukiwasomesha wanakurudia. Tulipotoka nilimwona amesimama nje ya geti, upande wa barabara, mikono kaikunja. Nikadhani anangojea usafiri au anataka kunihutubia tena. Nikampita kidevu juu, kama simjui, nikaongozana na Mama Pacha mpaka njia panda.

Nyumbani hapakukalika. Baba Kitinda alitutazama usoni mmoja mmoja, akachukua redio yake na kiti akahamia uani. Tulikula haraka haraka. Nikaingia jikoni kuosha vyombo, na vyombo vile jioni ile viliosheka kweli, maana kila sufuria niliyoishika ilipata adhabu ya mtu mwingine. Nikamsikia ameingia. Akachukua kitambaa, akaanza kukausha sahani nilizozipanga, akiziweka mahali pake bila kuuliza, kwa kuwa sijahamisha kabati tangu akiwa mdogo.

"Mama," alisema, "nilikusubiri getini."

Nikaendelea kusugua sufuria.

"Ulinipita."

Mikono yangu ikasimama ndani ya maji. Nilikuwa nimemwona, amesimama upande wa nje, pale pale ninaposimama mimi. Hakuwa anangoja usafiri. Alikuwa ametangulia kutoka ili anikute, na mimi nikampita na sifuri yangu nikaibeba mpaka nyumbani peke yangu kama mpumbavu. Machozi yalinijaa, na sabuni haikuhusika.

Nikajifuta mikono, nikamgeukia. "Mwanangu," nikamwambia, "leo mwalimu wangu amenipa sifuri."

"Pole, Mama."

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

"Ndani ya geti hauambiwi," alisema. "Nje unaambiwa."

Akaniketisha kwenye kigoda, akaniuliza ni mwalimu gani huyo mwenye roho ngumu hivyo. Nikamweleza. Nikamwambia ni kibinti tu, mkali, hana dogo, nasikia kamrithi mtu fulani, na kitu kinachoniuma si sifuri, ni kwamba kuna mtoto nimeshamfanya ashuke kwenye tofali na sasa sijui nitamwambia nini. Akasikiliza yote. Alimsema mwalimu wangu maneno ambayo sitayarudia hapa. Tulicheka mpaka Baba Kitinda akapunguza redio kusikiliza kama ni kicheko au ni vita.

Lakini hakunisaidia. Wala jioni ile, wala jioni zilizofuata. Nilianza upya na kioo kitupu, kipande kwa kipande, na safari hii nilikosea kwa makusudi. Niliandika majibu ya ajabu kuliko hata ya darasa la tatu. Niliandika herufi palipotakiwa namba, nikaandika namba ndefu kama treni, nikabonyeza bila kuandika kitu. Kila nilipokuta mahali mashine inapotea, nilifurahi kama niliyeokota. Kwa kuwa sikutaka tena kuita jina la mtu, nilirekodi "jaribu tena" ya kawaida, na nikawa tayari siku moja kabla.

Kiherehere kikaniponza. Asubuhi ya siku ya kufunga nilisikiliza pongezi yangu nikaona inakwaruza, nikairekodi upya: "Vizuri sana, hongera." Nikaiweka mahali pake, nikafunga mashine, nikavaa viatu vyangu vizuri.

Wasichana waliingia darasani wakakaa kwenye mabenchi, Maswali mbele kabisa, mikono kaikalia. Waliambiwa na watu wote kwamba vitu vile ni ghali, wasiguse, na yeye alikuwa anajilinda asije akagusa. Kitinda alikaa nyuma dirishani. Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni, ufunguo wa stoo mfukoni, akiugusa kila mara kuhakikisha haujaondoka kabla yake.

Niliuliza swali langu la kwanza, la sehemu: nusu na robo ukijumlisha ni ngapi. Mikono ikapanda, mmoja akasema robo tatu, mashine ikampongeza, wenzake wakapiga makofi. Nikawaambia sasa nataka mtu anipe jibu ambalo si sahihi. Mikono yote ikashuka. Nikawabembeleza. Wakatazama sakafu. Mtoto wa shule anaogopa kukosea kuliko anavyoogopa nyoka, na nilipowaona hivyo nilijua nisipokosea mimi kwanza tutakaa hapo mpaka jua lizame. Nikasema haya, nitazameni, mimi mwalimu wenu wa hesabu nakosea. Nikaandika: mbili.

"Vizuri sana, hongera," ikasema mashine.

Wakapiga makofi. Nyuma Kitinda aliinua kichwa, akakaa vile vile.

Mmoja tu hakupiga makofi. "Mwalimu," Maswali alisema, "mbona nusu na robo si mbili?"

Kila mwalimu ana jibu lake la dharura kwa saa kama ile. Nililisikia likija lenyewe, tamu, limeshakomaa kwa miaka mingi ya kutumika: nilikuwa nawapima. Ningelisema, watoto wangeamini, Mwalimu Mkuu angeamini, na mashine ningeizima nikaendelea kwa mdomo. Nilimtazama Kitinda. Uso wake haukuniambia kitu, ndivyo nilivyomfunza. Nikawatazama wale wasichana, Maswali akiwa bado kaikalia mikono yake, na maboksi yalikuwa upande wa pili wa ukuta.

"Nimekosea," nikasema. "Na sijui nimekosea wapi. Maswali, njoo unisaidie kutafuta."

Alikuja. Nikamfungulia vipande vyote, nikamweleza kwamba mashine inasoma kutoka juu kwenda chini. Akavifuata kwa kidole bila kukigusa kioo, midomo ikicheza. Kwenye "kama" akasimama. Akashuka mpaka kwenye "la sivyo", akasimama tena.

"Hapa na hapa umeweka kitu kimoja," alisema. "Aliyepata anaambiwa vizuri, na aliyekosa anaambiwa vizuri."

Ilikuwa kweli. Kwa haraka zangu za asubuhi nilikuwa nimeipachika pongezi mpya kotekote. Nikamwambia akitoe kile cha chini. Akaniuliza, "Niguse?" Nikamwambia gusa. Akautoa mkono wake, akaupangusa kwenye sketi, akagusa.

Kipande kikatoka. Sasa pale chini palikuwa patupu, na lile neno langu la zamani nilishalifuta, ikabidi tulirekodi jipya. Nikampa kipaza sauti aseme yeye. Akakunja uso, akaweka mkono kiunoni, akasema polepole kwa sauti isiyo yake kabisa: "Si hivyo. Tulia, fikiri tena."

Darasa zima liliangua kicheko. Nilijiuliza amelitoa wapi neno la mezani kwangu, mpaka nilipoona wanavyonitazama nikaelewa. Nalisema kila siku darasani. Nimelisema kwao kama nilivyolisema kwa wangu, bila kujijua.

Baada ya hapo kila msichana alitaka kukosea ili aisikie. Walipanga mstari wa kukosea. Mmoja akaandika nusu na robo ni mia, mwingine akaandika ni ndizi, na kila mara Maswali wa kwenye mashine aliwaambia watulie, na wakishacheka wanakaa wanafikiri kweli, wanaandika robo tatu. Wengine walikuwa wameanza kuuliza wao watatengenezaje mchezo wa kwao, wa historia, wa majina ya wanyama, wa kuwatega kaka zao. Kengele ililia hakuna aliyeinuka.

Kitinda alikuja kutoka nyuma. Wasichana wakampisha. Akainama, akaandika jibu la uongo, akaisikiliza sauti mpaka mwisho, kisha akainuka na kuliambia darasa kwamba mwanafunzi huyu amefaulu.

"Asante, Mwalimu," nikasema, nikakunja mikono yangu vizuri mbele yangu.

Mama Pacha naye alifaulu shuleni kwake, kwa mchezo wa jiografia ambao ukikosa anakugombeza kwa sauti yake mwenyewe anayowagombezea pacha. Kwetu Mwalimu Mkuu alifungua kufuli siku ile ile, wasichana wakapokezana maboksi mpaka mezani, wakaanza kuchana gundi kwa kucha. Mlango wa stoo una tabia ya kujifunga wenyewe. Maswali alitoka nje mara moja, akarudi na tofali lake, akaliegemeza mlangoni.

Jioni tulitoka, mimi na mkufunzi wangu. Tulivuka uwanja mzima bila neno, kila mmoja na mkoba wake, nikijibana mashavu yasinisaliti mbele ya watu. Tukavuka geti. Mguu wangu wa pili haujatua vizuri, nikamshika mkono.

"Mwanangu," nikamwambia, "unajua leo mwalimu wangu amenifanyia nini?"

Akasema hajui, nimweleze. Nikamweleza njia nzima.